Filamu ya kumtangaza mpiga picha: msiikate picha yake

Mnaotengeneza filamu fupi za kutangaza wapiga picha, naomba mzingatie hili: picha aliyoipiga mpiga picha msiikate. Kamera nyingi hupiga kwa uwiano wa 3:2 (upana kwa kimo), video ya kawaida ni 16:9, ya simu iliyosimamishwa ni 9:16. Mkiivuta ijaze kioo, lazima juu na chini au pembeni paliwe, na mara nyingi kinacholiwa ndicho alichokivizia: kivuli ukutani, mkono wa mtoto ukingoni mwa fremu. Iwekeni nzima, weusi ubaki pembeni au juu na chini, itulie sekunde 4 hivi bila kusogezwa.

Sauti irekodiwe kazini kwake. Mlio wa shata (kilango cha kamera kinachofunguka na kufunga picha inapopigwa), maelekezo anayompa bibi harusi ("inua kidevu kidogo, dada, tazama dirishani"), hayo huonyesha ufundi kuliko muziki wowote wa kununua. Mahojiano yaje mwishoni, akishaizoea kamera yenu. Hapo ndipo huzungumzia mwanga badala ya tuzo.

Kabla ya kuhariri, pateni ruhusa ya maandishi kutoka kwake na kwa waliomo pichani, ikitaja wazi kwamba ni tangazo na litaonyeshwa wapi.