Hattrick kwa anayeanza: namna ya kuwafikia wakongwe

Hattrick, mchezo wa kuendesha klabu ya soka kwenye mtandao, ulianzia Sweden mwaka 1997, na humo mna mameneja wanaoendesha timu zilezile kwa zaidi ya miaka ishirini. Anayejisajili leo anapewa kikosi dhaifu, uwanja mdogo na akiba ya kuanzia. Pengo hilo halizibwi kwa pesa za mfukoni: huduma ya kulipia inarahisisha kazi, lakini haimwongezei mchezaji hata chembe ya ujuzi. Kitu kimoja tu kimegawiwa kwa usawa, nacho ni dakika za mazoezi. Kila mchezaji, wako au wa bingwa wa nchi, huhesabiwa dakika 90 kwa wiki, basi. Anza hapo.

Timu nzima hufanya aina moja ya mazoezi kwa wiki. Ukichagua uchezeshaji, yaani ujuzi wa viungo, wanaofaidika kikamilifu ni viungo wa kati tu. Mawinga hupata nusu. Mechi moja ina nafasi tatu za kiungo wa kati na wiki ina mechi mbili, ya ligi na ya katikati ya wiki, kwa hiyo unaweza kuwafunza vijana sita: watatu ligi, watatu wengine katikati ya wiki. Ukifunza mabeki, nafasi ni tano kila mechi, yaani kumi kwa wiki. Kipa ni mmoja kila mechi, ndiyo maana mazoezi ya makipa hayamfai anayeanza.

Hapa ndipo wageni wengi hupoteza nusu ya mavuno yao. Wakishatolewa kwenye kombe, ambalo mechi zake ndizo za katikati ya wiki, husahau kupanga mechi ya kirafiki mahali pake, na wale watatu wa pili wanapitwa na wiki nzima. Tuma mwaliko wa kirafiki mara tu unapotolewa. Kosa la pili ni kumtumia kijana yuleyule mechi zote mbili: dakika zake 90 za kwanza zikishatimia, za pili hazimwongezei kitu katika mazoezi.

Nunua vijana wa miaka 17 au 18 ambao tayari wana kiwango cha 6 au 7 katika ujuzi unaoufundisha. Umri ni jambo zito: mwaka wa mchezaji ni siku 112, sawasawa na msimu wa wiki 16, na kila anapozeeka ujuzi wake hupanda polepole zaidi. Weka nguvu ya mazoezi asilimia 100, na sehemu yake inayokwenda kwenye pumzi, yaani ustahimilivu wa wachezaji, iwe kama asilimia 10 hadi 15. Kisha usibadilishe aina ya mazoezi. Anayehama kutoka viungo kwenda mabeki kila baada ya wiki tano anabaki na wachezaji nusunusu ambao hakuna anayewataka sokoni. Misimu miwili au mitatu katika njia moja ndiyo inayotoa matunda.

Kwenye mechi, kiungo huamua nani apate nafasi nyingi za kufunga, na hapo ndipo mkongwe anapokuzidi. Usishindane naye moja kwa moja. Kama kiungo chako ni dhaifu lakini mabeki ni wazuri na wanajua pasi, chagua mbinu ya mashambulizi ya kushtukiza. Itapunguza kiungo chako kwa asilimia 7, ila kila shambulizi la mpinzani linalovunjwa linaweza kuzaa lako. Mbinu hii hufanya kazi tu ukiwa umezidiwa kiungo, basi usiitumie dhidi ya timu dhaifu zisizo na meneja, zinazoendeshwa na kompyuta.

Dhidi ya hizo zisizo na meneja, cheza kwa kujizuia: ari ya timu hupanda. Itunze ari hiyo kwa mechi mbili au tatu zinazoamua msimu, na hapo ndipo uagize juhudi kubwa kabisa, kwa sababu agizo hilo hula ari vibaya. Mfumo mpya kama 3-5-2 ujaribu kwanza kwenye kirafiki. Timu isiyouzoea huchanganyikiwa uwanjani.

Sokoni, mchezaji huwa mnadani siku tatu, na dau likiwekwa ndani ya dakika tatu za mwisho muda huongezwa dakika tatu. Andika bei yako ya juu kabla mnada haujapamba moto, ikipita acha. Angalia na mshahara: mchezaji asiye wa taifa la klabu yako hulipwa asilimia 20 zaidi. Na usinunue leo ili uuze kesho, kwani kadiri unavyomuuza mapema ndivyo wakala anavyokata fungu kubwa.