Hilux ya dizeli inakula mafuta? Pima kwanza, kisha tafuta kinacholishika

Fundi akiambiwa "gari linakula mafuta" bila namba, atabadilisha kilicho karibu na mkono wake. Namba utaipata hivi. Jaza tangi mpaka bomba la sheli lijikate lenyewe mara ya kwanza, bila kutikisa gari wala kuongezea cha juu. Andika kilometa. Tembea zisizopungua 300, rudi sheli ileile na pampu ileile, ujaze tena mpaka ijikate. Umetembea kilometa 412 na zimeingia lita 43.6? Gawanya: kilometa 9.4 kwa lita. Rudia kwa matangi mawili au matatu kabla ya kuiamini. Mshale wa geji usiutegemee, maana nusu ya juu na nusu ya chini mara nyingi hazilingani.

Safari ya mlima ipime kwenda na kurudi. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa unapanda mita 1,500 hivi, na mpando mkali uko mlima Kitonga. Ukipima kwenda tu utalilaumu gari bure, na ukipima kurudi tu utalisifu bure.

Angalia pia tairi ulizonazo. Anayetoa 225/70R15 akafunga 255/70R15 anaongeza kimo cha tairi kwa asilimia 6 hivi, na kila mzunguko unafika mbali zaidi ya dashibodi inavyohesabu. Zile kilometa 412 za dashibodi ni kama 437 za barabarani, kwa hiyo ulaji halisi ni kilometa 10 kwa lita. Hapo kilichoumwa ni hesabu.

Namba ikishakuwa mbaya kweli, usikimbilie nozeli, vile vinyunyizi vya dizeli vya injini. Anza na kinachoshika magurudumu. Gari tupu likiwa sakafu tambarare, gia huru, hendibreki imeachiwa, watu wawili wanatakiwa kulisukuma bila kugombana nalo. Likigoma, endesha kilometa 10 hivi bila kushika breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu. Usiiguse moja kwa moja. Inayotoa joto kuliko mwenzake wa upande wa pili ndiyo inayoshika. Mbele, kosa huwa kwenye pini za kalipa, kile kibano cha breki ya diski: mpira wa vumbi umepasuka, pini imekauka, kalipa haiteleze kurudi. Zitoe, zisafishe, paka grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira, na baada ya wiki chache utarudi palepale. Nyuma, mara nyingi ni kebo ya hendibreki iliyojaa tope na kutu, kiatu kinabaki kimegusa ngoma.

Kama Hilux yako ina loki za kuzungusha kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele, ziwe FREE ukiwa lami. Zikibaki LOCK, shafti za mbele na difu yake vinazungushwa bure siku nzima. Na 4WD ya muda (magurudumu yote manne kuvuta), ile ya H4, si ya lami kavu hata kidogo: magurudumu ya mbele na nyuma hayatembei umbali sawa kwenye kona, kwa hiyo mfumo unajisokota.

Upepo wa tairi upime asubuhi kabla ya kutembea, kwa kipimo cha kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kina namba za gari tupu na za gari lenye mzigo. Madereva wengi hukumbuka kujaza nyuma na kuzisahau za mbele.

Sasa jambo ambalo gereji nyingi zimelizoea vibaya: kutoa thamostati, ile vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate moto, "ili gari lisichemke". Injini isiyo na thamostati hukaa baridi muda mrefu, hasa alfajiri na nyanda za juu. Oili inabaki nzito, dizeli haiungui vizuri, na kwenye D-4D, dizeli za Toyota zinazoongozwa na kompyuta, kompyuta inaendelea kuihesabu injini kama ambayo haijapata moto. Mshale wa joto usiofika mahali pake pa kawaida hata baada ya kilometa 10 ni dalili tosha. Kinachochekesha ni kwamba kuitoa hakuponyi kuchemka. Thamostati ya injini hizi ina kisahani cha nyuma kinachofunga njia ya mkato ya maji joto likipanda. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupitia rejeta.

Kuijaribu ni kazi ya jikoni. Ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa moto. Ianze kufunguka karibu na namba ya joto iliyopigwa chapa juu yake, na maji yakifika 95 iwe imefunguka milimita 8 hadi 10. Inayofunguka mapema au iliyobaki wazi ikiwa baridi, tupa. Unapofunga mpya, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, maana ndicho kinachopitisha hewa iliyonaswa.

Ndugu wa kosa la kutoa thamostati ni feni iliyofungwa bolti moja kwa moja baada ya klachi yake ya mafuta, ile inayoilegeza kupoza kusipohitajika, kuchoka. Feni hiyo inazunguka kwa nguvu muda wote, hata upepo wa barabarani unapotosha kupoza rejeta, na nguvu hiyo inatoka kwenye dizeli. Injini ikiwa baridi na imezimwa, izungushe kwa mkono: klachi nzima inazunguka kwa uzito kidogo. Ikizunguka hovyo kama pangaboi imechoka, na ikigoma kabisa imeng'ang'ana.

Filta ya hewa kwenye barabara ya vumbi usisubiri kilometa za kitabu. Ipulize kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo usiozidi psi 30, ncha ya bomba ikiwa mbali kidogo na karatasi. Usiioshe. Kisha mulika tochi kwa ndani: ukiona tundu la mwanga, hata dogo, nunua nyingine. Filta ya dizeli nayo fungua skrubu ya chini, pampu kwa mkono mpaka maji yaishe na itoke dizeli safi.

Sumaku za kubana kwenye mpira wa dizeli, zinazouzwa eti zinapunguza ulaji, waachie wanaoziuza.

Kwenye uendeshaji, mwendo ndio unaomeza zaidi. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 kwenda 100, upepo unakusukuma nyuma mara 1.56. Keria tupu juu ya kabini inalipiwa kila kilometa. Mlango wa bodi uache umefungwa, kwa sababu hewa hujizungusha ndani ya bodi na kuwa kama mto ambao upepo wa juu unauteleza. Injini ya 2KD, ambayo ni D-4D yenye turbo, badili gia karibu na mizunguko 2,000. Ya 5L, ya zamani isiyo na turbo, inataka kufika 2,500 hivi. Mteremkoni usiweke gia huru. Ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, pampu inakata dizeli. Ukiwa gia huru, injini inakula ili isizime, na breki zinabaki peke yake.

Yote yakiwa sawa na namba haijasogea, nenda kwenye nozeli. Za 2L, 3L na 5L, injini za zamani zisizo na kompyuta, hupimwa kwenye mashine: zifunguke karibu na baa 150, zinyunyize ukungu, zisidondoshe. Moshi mweusi kwenye 5L unaweza pia kuwa wa fundi aliyefungua skrubu ya pampu kutafuta nguvu. Kwa 2KD, chomeka mashine ya kusoma kompyuta, injini ikiwa ya moto na inaunguruma bila kukanyagwa, usome masahihisho ya dizeli ya kila silinda. Inayovuka 3, juu au chini ya sifuri, nozeli yake itolewe ikapimwe. Ikirudishwa, iwe na washa (pete ya kuzibia) mpya ya shaba, hata kama ya zamani inaonekana nzima.