Kutengeneza vitundu vya nano vilivyojipanga kwenye alumini

Kazi hii hufanywa kwa kuanodisha mara mbili, yaani kupitisha umeme kwenye alumini iliyo ndani ya asidi ili iote tabaka la oksidi, njia iliyoonyeshwa na Masuda na Satoh wa Japani mwaka 1996. Tabaka la kwanza la oksidi hutupwa, lakini vishimo linavyoacha kwenye alumini ndivyo vinavyovipanga vitundu vya tabaka la pili kama sega la nyuki.

Tumia alumini ya usafi wa asilimia 99.999. Ioshe kwa asetoni, kisha ing'arishe kwa umeme ndani ya mchanganyiko wa asidi ya perkloriki sehemu 1 na ethanoli sehemu 4, volti 20, dakika 2 hadi 4, chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Mimina asidi polepole kwenye ethanoli iliyokwisha kupozwa. Mchanganyiko huu ukipata joto au ukikauka unaweza kulipuka, kwa hiyo usiutoe nje ya kabati la kufyonza hewa.

Yeyusha gramu 38 za asidi ya oksaliki yenye maji ya fuwele katika maji safi, ongeza maji hadi lita 1, upate 0.3 M (moli 0.3 kwa lita). Alumini iwe anodi (upande chanya wa umeme), platinamu au grafiti iwe kathodi (upande hasi). Weka volti 40, nyuzi 0 hadi 5, koroga bila kusita, saa 8 au zaidi. Usiibe muda hapa: vitundu huanza ovyo, na hujipanga kadiri vinavyozama.

Mkondo wa umeme utashuka ghafla, utapanda kidogo, kisha utatulia. Ukizidi kupanda, joto limekusanyika mahali pamoja na alumini inaungua. Zima, kisha kagua upoozaji na ukorogaji.

Ondoa oksidi kwa asidi ya fosfori asilimia 6 na ya kromiki asilimia 1.8, nyuzi 60, saa kadhaa. Kromiki husababisha saratani: vaa glavu, kusanya taka zake kando.

Anodisha tena kwa volti zilezile. Umbali kati ya vitundu ni takribani nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) 2.5 kwa kila volti, yaani 100 kwa volti 40. Ukibadilisha volti, vitundu vipya havitalingana na vishimo. Unene huamuliwa na muda.

Mwisho, panua vitundu kwa asidi ya fosfori asilimia 5, nyuzi 30. Pima kipenyo kwa hadubini ya elektroni kila baada ya dakika 10, maana kikikaribia nanomita 100 kuta huliwa na sega lote hubomoka.