Maandishi ya tafsiri kwenye DVD ya harusi, ya kuwasha na kuzima

Bibi anatoa wosia kwa Kichaga ukumbini Moshi, wajukuu wa Dar hawaelewi. Maliza kwanza kukata video. Ukipunguza sekunde 10 baadaye, maandishi yote yanayofuata yatachelewa sekunde 10. Andika tafsiri kwenye programu ya Subtitle Edit, mistari isizidi miwili kwa mara moja, uhifadhi kama SRT (faili la maandishi na muda wake) kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi). Muda huandikwa hivi: 00:01:12,400. Ni mkato, si nukta.

Kwenye DVDStyler, programu ya kutengeneza DVD, chagua PAL (mfumo wa picha za TV), ongeza video, kisha SRT. Usiyachome maandishi ndani ya picha, hayatazimika tena. DVD huyabeba kama vipicha vya rangi nne tu, kwa hiyo herufi nyeupe zenye ukingo mweusi zinatosha. Madoido achia kadi za mwaliko. Jaribu kitufe cha SUBTITLE kwenye deki kabla ya kutoa nakala.