Ufungue wapi IRA yako? Mwongozo kwa wenzetu wanaofanya kazi Marekani

Kazi yangu ni kuandaa ritani za kodi hapa Marekani, na wateja wangu wengi wametoka Tanzania, Kenya na Kongo: wasaidizi wa wauguzi, madereva wa malori, watu wa maghala. Kila msimu wa kodi naulizwa swali lile lile kuhusu IRA, akaunti ya kustaafu: "Nimeambiwa nifungue IRA. Niende wapi?" Wengi huishia kwa mtu waliyeelekezwa kanisani au msikitini, au kwenye benki unakoingia mshahara. Hapo ndipo fedha za uzeeni zinapoanza kuvuja, kwa sababu akaunti ile ile kisheria inaweza kuwa karibu bure mahali pamoja na kukugharimu maelfu ya dola mahali pengine.

Hatua ya 1: Hakikisha unastahili

IRA ni akaunti ya kustaafu unayoifungua mwenyewe bila kupitia kwa mwajiri. Unachohitaji ni kipato cha kazi: mshahara au biashara yako. Mke au mume asiye na kipato anaweza kuwekewa kwa kipato cha mwenzake, mradi mnajaza ritani ya pamoja. Kwa mwaka wa kodi 2025 kiwango cha juu cha kuweka ni dola 7,000, au 8,000 ukiwa na miaka 50 na kuendelea. Kwa 2026 ni dola 7,500, na 8,600 kwa wa miaka 50 na kuendelea. Una nafasi ya kuweka mpaka siku ya mwisho ya kodi, Aprili mwaka unaofuata.

Kama kazini kuna 401(k), yaani mpango wa kustaafu wa mwajiri, na mwajiri anakuongezea kila unapoweka, chukua nyongeza hiyo yote kwanza. IRA ifuate.

Hatua ya 2: Roth au ya kawaida

Hapa sitakaa sana. IRA ya kawaida inaweza kukupunguzia kodi leo, kisha utalipa kodi utakapotoa. Roth unaweka fedha zilizokwisha kukatwa kodi, na ukitoa baada ya miaka 59 na nusu, akaunti ikiwa imetimiza miaka mitano, hulipi kitu. Kwa mtu wa kipato cha chini au cha kati, ushauri wangu karibu kila mara ni Roth. Sababu moja ni ya kwetu kabisa: kiasi ulichoweka mwenyewe, mbali na faida yake, unaweza kukitoa wakati wowote bila kodi wala faini. Msiba ukitokea nyumbani, hutalazimika kukopa kwenye kadi.

Ukiwa na kipato kidogo, muulize anayekuandalia ritani kuhusu Saver's Credit, punguzo la kodi kwa wenye kipato kidogo wanaoweka akiba ya kustaafu. Kwa 2025 inawafikia wanandoa wanaojaza pamoja hadi kipato cha dola 79,000, na asiye na ndoa hadi 39,500. Wengi wanaostahili hawaidai.

Hatua ya 3: Jua unapobisha hodi

*Benki na vyama vya akiba na mikopo.* Fedha zako zitakaa kwenye akiba au amana ya muda maalumu. Zinalindwa na serikali hadi dola 250,000, kwa hiyo hazipungui. Lakini kwa kijana wa miaka 30, riba hiyo kwa miaka mingi inaweza kumezwa na mfumuko wa bei. Benki inamfaa aliye karibu kabisa na kustaafu.

*Mawakala wa bima.* Hapa nataka usome taratibu. Kuna watu wa jamii yetu, wengine waaminifu kabisa, waliofundishwa kuuza bima ya maisha yenye akiba wakiiita mpango wa kustaafu. Hiyo si IRA. Wengine huuza IRA iliyofungwa ndani ya mkataba wa annuity, bidhaa ya bima inayoahidi malipo ya uzeeni. Mikataba hiyo mara nyingi ina faini ya kujitoa inayodumu miaka kadhaa. Faida ya kutokatwa kodi wakati fedha zinakua IRA yoyote inakupa tayari. Usilipie mara ya pili. Muulize anayekuuzia: "Unalipwa kiasi gani nikisaini?" Pia tafuta jina lake kwenye BrokerCheck, orodha ya mtandaoni ya FINRA, taasisi inayosimamia madalali wa hisa; ni bure. Usipomkuta humo, mhoji zaidi: muuza bima anaweza kuwa na leseni ya bima tu ya jimbo lake.

*Programu zinazokuwekezea zenyewe*, kama Betterment. Si mbaya kwa asiyetaka kuchagua chochote, ila zinakata ada yao juu ya ada ya mifuko yenyewe ya uwekezaji zinayokununulia.

*Madalali wakubwa wa hisa*: Fidelity, Charles Schwab, Vanguard. Kwa wengi wetu jibu liko hapa. Kufungua ni bure, na Fidelity na Schwab hazidai kiwango cha chini cha kuanzia. Kampuni ikianguka, SIPC, shirika linalolinda wateja wa madalali, inalinda hadi dola 500,000 za mali yako iliyo humo. Hailindi kushuka kwa bei ya hisa, na hilo lazima ulikubali kabla ya kuanza.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya ada

Chukua dola 200 kwa mwezi, yaani 2,400 kwa mwaka, kwa miaka 30. Tukikadiria ukuaji wa asilimia 7 kwa mwaka, utafikisha takriban dola 226,700. Ada ikila asilimia moja, ukuaji ukabaki 6, utafikisha takriban 189,700. Tofauti ni kama dola 37,000, na wewe kwa miaka yote hiyo uliweka 72,000 tu. Asilimia moja imekula zaidi ya nusu ya jasho lako, na hakuna siku hata moja utakayoona bili yake, maana inakatwa ndani kwa ndani.

Kwa hiyo kabla ya kufungua popote, tafuta namba inayoitwa expense ratio ya mfuko utakaonunua, yaani asilimia inayokatwa kila mwaka. Mifuko ya pamoja inayofuata fahirisi (index), yaani orodha ya hisa za kampuni nyingi, ni rahisi mno: FXAIX ya Fidelity hukata asilimia 0.015, SWPPX ya Schwab 0.02, VTI ya Vanguard 0.03. Kwenye dola 10,000 hiyo ni dola moja na nusu hadi tatu kwa mwaka. Wakala akikutajia mfuko wa asilimia moja, muulize unafanya nini cha ziada.

Angalia na majina. Fidelity ina mifuko ya mwaka wa kustaafu, yaani inayopangwa kulingana na mwaka utakaostaafu, iitwayo Freedom, na mingine iitwayo Freedom Index. Yenye neno Index hukata asilimia 0.12; isiyo nalo hukata mara kadhaa zaidi.

Hatua ya 5: Kama unakwepa riba

Amana za benki zinaondoka hapo hapo, na mifuko ya mwaka wa kustaafu pia, kwa kuwa ina hatifungani ndani, yaani mikopo yenye riba. Kwa dalali wa kawaida unaweza kununua SPUS au HLAL, mifuko ya hisa inayochujwa kwa misingi ya sharia, kwa ada ya karibu nusu asilimia. Kuna pia mifuko ya Amana inayosimamiwa na Saturna Capital. Ni ghali kuliko ile ya juu, lakini haifikii ada za mawakala wengi. Uliza fedha zinazosubiri kuwekezwa zinakaa wapi, kwani mara nyingi hukaa penye riba.

Hatua ya 6: Waulize kuhusu kurudi nyumbani

Swali hili miongozo ya Wamarekani hailigusi. Kama unatarajia kuzeekea Moshi au Kisumu, piga simu kabla ya kufungua na uulize: "Nikihamia Tanzania, akaunti yangu itakuwaje?" Baadhi ya kampuni humzuia mteja aliye nje kununua, nyingine humtaka afunge. Masharti hutofautiana kwa nchi, hivyo taja nchi yako kwa jina.

Jua pia kodi. Asiye raia wala mkazi wa Marekani hukatwa asilimia 30 kwenye fedha anazotoa za IRA ya kawaida, isipokuwa pawe na mkataba wa kodi kati ya nchi hizo mbili. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo hazina. Fedha za Roth zilizotimiza masharti hazikatwi na Marekani. Raia hubaki kwenye kodi ya Marekani popote alipo.

Mwenye ITIN, namba ya kodi ya asiye na Social Security, naye aulize. Sheria haimkatazi kuwa na IRA, ila kampuni nyingine hazimfungulii mtandaoni.

Hatua ya 7: Fungua, weka, nunua

Kufungua huchukua dakika chache. Andika jina lako kama lilivyo kwenye hati zako. Unapoweka fedha kati ya Januari na Aprili utaulizwa ni za mwaka upi. Chagua kwa makini.

Halafu nunua. Fedha ulizohamisha zinaweza kukaa humo kama taslimu tu mpaka wewe uagize mfuko. Kuwa na shamba si kupanda. Nimeona akaunti za miaka ambazo hazijawahi kununua kitu, wenyewe wakiamini wamewekeza. Ukishanunua, weka makato ya kila mwezi yanayonunua yenyewe.

Siku hiyo hiyo jaza warithi. Jina lililo kwenye fomu ya IRA lina nguvu kuliko wosia. Ukioa, ukiachana au ukipata mtoto, rudi ulibadilishe.

Kama tayari uko pabaya

Usitoe fedha mkononi. Fungua IRA ya aina ile ile kwa kampuni mpya, kisha iombe ichukue fedha moja kwa moja kutoka ya zamani. Njia hiyo haina kodi wala kikomo cha mara ngapi. Ukipokea hundi mwenyewe, una siku 60 za kuirudisha kwenye IRA, na ruhusa hiyo ni mara moja tu katika miezi 12. Kampuni ya zamani inaweza kukutoza ada ya kuhama. Uliza kampuni mpya kama itakurudishia.

Kwa mkataba wa bima, omba kwa maandishi mambo mawili: faini ya kujitoa leo ni kiasi gani, na inaisha tarehe gani. Linganisha na ada utakazolipa hadi tarehe hiyo, ndipo uamue.