Somo: Kumfundisha mgonjwa wa kisukari kujidunga insulini kabla hajaruhusiwa

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wauguzi wenzangu wa wodi za magonjwa ya ndani, wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, na ndugu wanaobaki na mgonjwa nyumbani. Halihusu kupanga dozi, kwa kuwa dozi hupangwa na daktari na haibadilishwi kwa maneno ya jirani. Linahusu kazi iliyo yetu hasa, yaani kuhakikisha kwamba dozi iliyoandikwa kwenye cheti ndiyo inayoingia mwilini mgonjwa akiwa kwake, asubuhi na jioni, sisi tukiwa hatupo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimruhusu mama mmoja aliyeandikiwa insulini ya mchanganyiko, uniti 20 asubuhi. Nilimwonyesha bomba la mililita 1 na kumwambia, kwa kujiamini kabisa, avute hadi kistari cha kumi. Kwenye bomba lile kila kistari kilikuwa uniti mbili, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa sawa. Mabomba niliyompa yalipokwisha, alinunua mengine kwenye duka la dawa akapewa ya nusu mililita, ambayo kistari kimoja ni uniti moja tu. Akaendelea kuvuta vistari kumi kama alivyofundishwa. Alirudi wodini midomo imekauka, anakojoa usiku kucha, na kwenye faili lake likaandikwa neno tunalolipenda sana: "hafuati matibabu". Alikuwa ameyafuata bila kupunguza hata kistari kimoja. Niliyekosea ni mimi.

Hatua ya kwanza: chagua wakati na watu

Usisubiri asubuhi ya kuruhusiwa, wakati ndugu wamekwenda kulipa, begi limefungwa na gari linasubiri nje. Anza siku ile mgonjwa anapoanza kula vizuri na kukujibu maswali. Uliza nani anakaa naye nyumba moja na nani anapika, kisha umwombe mtu huyo aje wakati wa kudunga sindano, si wakati wa kutazama wagonjwa pekee. Kumfundisha baba habari za chakula huku mkewe anayepika amekaa nje kwenye benchi ni kupoteza muda wa wote watatu.

Hatua ya pili: sikiliza kabla ya kusema

Muulize amesikia nini kuhusu insulini. Wengi watakuambia kwamba hiyo ni dawa ya watu waliofika mwisho, kwa sababu walimwona shangazi au mzee wa mtaani akianza sindano na muda mfupi baadaye akakatwa mguu. Hofu hiyo isipotolewa mezani, mgonjwa ataitikia kila unalosema, na akifika nyumbani chupa itabaki kabatini. Mweleze kwamba mguu wa yule mzee uliharibiwa na sukari iliyokaa juu kwa miaka, na kwamba sindano pengine ilimfikia kwa kuchelewa. Mimi huwa naongeza kwamba kabla ya 1922, mwaka ambao kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini huko Toronto, mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na tiba nyingine isipokuwa kunyimwa chakula. Wagonjwa hukaa kimya kidogo wakisikia hivyo.

Hatua ya tatu: kulisoma bomba

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko hatua zote. Mpe mgonjwa bomba tupu mkononi, kwenye mwanga, na umwombe akusomee namba. Kamwe usimfundishe kuhesabu vistari. Mfundishe kuitafuta namba ya dozi yake. Akiandikiwa 20, atafute palipoandikwa 20, na ukingo wa juu wa mpira mweusi, ule unaogusa dawa, ukae sawasawa na namba hiyo. Kisha mpe bomba la ukubwa mwingine na umwombe aitafute 20 ileile. Akiipata kwenye mabomba yote mawili, mmevuka mto.

Mwonyeshe pia kwamba kichupa kimeandikwa 100 na bomba limeandikwa U-100, yaani uniti 100 kwa kila mililita, na kwamba maandishi hayo mawili lazima yafanane. Bomba la U-40 likichanganyikana na insulini ya 100, mgonjwa atakayevuta hadi 20 atakuwa amechukua uniti 50, na dozi hiyo inaweza kumzimisha kwa sukari kushuka. Bomba la kawaida la mililita 2 au 5 lisitumike kabisa.

Hatua ya nne: kuvuta na kudunga

Mikono inawe kwa sabuni. Insulini ya mchanganyiko huwa na ukungu, nayo ibiringishwe taratibu kati ya viganja mara kumi au zaidi mpaka weupe uenee sawasawa. Isitikiswe kama dawa ya kikohozi, kwa sababu povu huharibu kipimo. Avute hewa kiasi cha dozi, aisukume ndani ya kichupa, akigeuze juu chini, avute dawa, agonge bomba kwa kidole ili mapovu yapande, ayarudishe, kisha asome namba tena.

Tumbo ndilo mahali rahisi, vidole viwili mbali na kitovu, au upande wa nje wa paja. Ashike ngozi, aingize sindano, asukume polepole, ahesabu hadi kumi kabla ya kuitoa. Kila siku ahame kidogo, kwani anayedunga palepale hupata uvimbe mgumu usiouma, naye huupenda kwa kuwa hauumi, ilhali dawa iliyoingia hapo hufyonzwa ovyo. Pitisha vidole vyako juu ya tumbo la mgonjwa wa zamani, utauhisi.

Insulini ya mchanganyiko aina ya 30/70 hudungwa takriban dakika 30 kabla ya kula. Kanuni ninayowapa ni nyepesi: kama hujui chakula kitatoka wapi, usishike bomba kwanza.

Hatua ya tano: mgonjwa akurudishie somo

Swali la "umeelewa?" lina jibu moja tu katika wodi zetu, nalo ni "ndiyo, sista". Mgonjwa anakuheshimu, anaona foleni, na hataki kuonekana mzito wa kuelewa. Jitwike mzigo wewe: "Mama, leo nimesema mengi, nataka nijue kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani mwanao akiuliza sindano hii inadungwaje, utamwambia nini?" Kisha nyamaza. Ukimya huo ni mgumu, na muuguzi mwenye haraka hujikuta anamalizia sentensi za mgonjwa. Baada ya maneno, mikono: avute mbele yako, ajidunge mbele yako. Akikosea, usimnyang'anye bomba. Rudia hatua ile moja iliyomshinda, kisha aanze tena mwenyewe.

Hatua ya sita: sukari kushuka

Mgonjwa na wa nyumbani kwake wazijue dalili: jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuongea mambo yasiyoeleweka au ukali usio wa kawaida yake. Sukari iliyo chini ya 3.9 kwenye mashine inayosoma kwa mmol/L imeshuka. Asiye na mashine asisubiri kupima. Apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari, asubiri dakika 15, na hali isipobadilika arudie, kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe kituo cha afya.

Hatua ya saba: kuhifadhi, miguu na faili

Kichupa kisichofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu, kwa sababu insulini iliyoganda imekwisha kazi hata ikiyeyuka. Kilichofunguliwa huweza kukaa nje kwa takriban wiki nne mahali pa ubaridi. Pasipo friji, chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, kitambaa kibichi juu, na kichupa ndani ya mfuko usiopitisha maji, hufanya kazi nzuri kivulini.

Miguu ioshwe kila siku, ikaushwe katikati ya vidole, itazamwe nyayo, na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Asiote moto kwa miguu isiyohisi.

Mwisho andika kwenye faili kile ambacho mgonjwa amekifanya mwenyewe. "Elimu imetolewa" hakumsaidii muuguzi wa zamu inayofuata. "Amevuta 20 sahihi mara mbili, bado anasahau kubiringisha kichupa" kunamwambia aanzie wapi.

MASWALI YA WASOMAJI

Swali: Shikamoo sista. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Wodi niliyopangiwa usiku ina wauguzi wawili tu na wagonjwa hadi kwenye korido. Muda wa haya yote unapatikana wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Muda huo tayari unautumia. Mgonjwa anadungwa mara mbili kwa siku. Akilazwa siku tatu, hizo ni nafasi sita ambazo lazima usimame kitandani kwake. Ya kwanza dunga wewe huku ukisema unachofanya, ya pili yeye asome namba, ya tatu avute, kuanzia ya nne ajidunge wewe ukitazama. Kinachotuchelewesha ni kuyarundika yote kwenye dakika kumi za mwisho.

Swali: Bibi yangu haoni vizuri namba za bomba, na sisi wajukuu tunaondoka alfajiri. Tufanyeje?

Jibu: Asikisie. Mmoja wenu aliyefundishwa amdunge asubuhi, na jioni vilevile. Ikiwa ratiba haiwezekani, rudini kliniki mkaeleze hivyo waziwazi, ili daktari aangalie kama dozi inaweza kupangwa kwa saa ambazo mtu yupo, au kama peni ya insulini, kifaa cha kudungia chenye umbo la kalamu, inapatikana. Peni hutoa mlio kila uniti inapozungushwa, hivyo husaidia, lakini hata hiyo afundishwe na asimamiwe kwanza. Mwambieni pia apimwe macho, maana kisukari huenda ndicho kinachoyadhuru.

Swali: Niko Pemba. Mgonjwa wangu anatumia insulini na amesema Ramadhani atafunga, nimkataze au nimkubalie. Nimjibu nini?

Jibu: Ukimkataza kwa ukali atafunga bila kukuambia, na hiyo ndiyo hali ya hatari zaidi. Mpeleke kwa daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, kwani dozi na saa zake hubadilika, na wapo ambao kwao kufunga ni hatari kubwa, hasa wenye aina ya kwanza, wajawazito na waliowahi kuzimia kwa sukari kushuka. Mkumbushe kwamba Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqarah aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa. Akiruhusiwa kufunga, apime sukari mchana. Wanazuoni wengi wanaona kuchoma kidole hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda zaidi ya 16.7, afungue saa hiyohiyo, hata kama zimebaki dakika chache adhana isikike. Ukiweza, mwombe imamu wa msikiti wake akae kwenye mazungumzo hayo.

Swali: Mgonjwa amekiri anatumia bomba moja wiki nzima kwa kukosa hela. Nilimgombeza, sasa haji kliniki.

Jibu: Maelekezo ni bomba moja kwa dozi moja, na hilo ndilo la kufundisha. Lakini alikuambia ukweli, nao ulikuwa msaada mkubwa kwako. Mtafute, umwombe radhi, umuulize bei ya bomba dukani kwao na anapata kiasi gani kwa siku, kisha mkaone na mfamasia na ustawi wa jamii kama upo msaada. Mambo mawili usiyalegeze hata kidogo: bomba lisishirikiwe na mtu mwingine, na sindano zilizotumika ziwekwe kwenye dumu gumu la plastiki lenye mfuniko, lirudishwe kituoni likijaa. Watoto wanaookota chupa jalalani kwenu watakuwa salama zaidi.