Gari likiungua: lini uende kwa bima, lini uende kwa aliyekuuzia

Gari linapoungua, swali linalomjia mwenyewe baada ya moshi kutulia ni nani atakayelipa. Wengine hukimbilia shorumu wakiwa na kijitabu cha waranti mkononi, na wengine humpigia wakala wa bima kisha wakaketi kungoja. Njia hizi mbili hazifanani. Kampuni ya bima hutaka kujua kilichotokea: je, gari limeungua kweli, na je, moto umetajwa katika hati yako? Aliyetoa waranti hutaka kujua sababu: je, moto huo ulizuka kutokana na kasoro ya kiwandani katika sehemu aliyoidhamini? Swali la bima aghalabu hujibiwa kwa picha, abstrakti ya polisi, yaani hati yao inayothibitisha tukio, na ukaguzi wa aseza, mkadiriaji wa hasara anayetumwa na bima. Swali la waranti huhitaji mtaalamu wa kuchunguza chanzo cha moto, na anayetakiwa kuthibitisha kasoro mara nyingi ni wewe mwenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu, karibu kila mara, ni uanze na bima, huku ukiulinda ushahidi ambao waranti itauhitaji baadaye.

Moto ukizuka, zima injini, watu wote washuke na wakae mbali. Usifungue boneti, kwa sababu hewa itakayoingia huuchochea moto. Piga 999 na uombe zimamoto. Kikosi cha Kaunti ya Nairobi kina kituo chake kikuu Barabara ya Tom Mboya. Moto ukishazimwa, piga picha nyingi kabla gari halijakokotwa: injini, dashibodi, viti, upande wa chini, na lami lilipokuwa limesimama, kwani doa la mafuta barabarani linaweza kueleza mengi. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu upewe nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio, ambayo ndiyo itakayotumika kutoa abstrakti. Omba pia ripoti ya maandishi ya zimamoto, kwa kuwa huenda ndiyo hati ya kwanza kutaja moto ulianzia wapi. Iarifu kampuni ya bima siku hiyo hiyo, kwa simu na kwa maandishi, kwa sababu hati za bima huweka muda mfupi wa kutoa taarifa na kuchelewa kunaweza kukunyima fidia.

Jambo linalonisikitisha kuliko yote ni namna watu wanavyoyaacha mabaki ya gari yapotee. Jirani yangu wa Donholm aliunguliwa na gari jipya kwenye Outering Road, likakokotwa hadi yadi moja Industrial Area, na kwa kuwa yadi ilitoza ada kila siku, siku ya nne akamuuzia mnunuzi wa skrepa. Nilikuwa nimeliona kabla halijaondolewa. Upande wa betri ulikuwa umeungua hadi bati likabadilika rangi, na waya mmoja mnene ulikuwa na tone la shaba iliyoyeyuka kwenye ncha yake, mfano wa kichwa cha kiberiti. Tone la namna hiyo huonyesha kwamba umeme ulipiga shoti mahali hapo, ingawa ni mtaalamu tu awezaye kusema iwapo shoti ndiyo iliyowasha moto au moto ndio uliounguza waya kwanza. Mtaalamu huyo hakuwahi kuliona gari. Muuzaji alijibu kwamba hawezi kukubali kasoro asiyoweza kuikagua, na hapo dai la waranti likafia mlangoni. Basi usiuze, usitengeneze, wala usiruhusu kifaa chochote kufunguliwa mpaka aseza wa bima na mwakilishi wa muuzaji wawe wamelikagua gari, au wamekataa kwa maandishi kulikagua.

Kuhusu bima yenyewe, angalia kwanza ulinunua ipi. Bima ya thadi pati inayolazimishwa na sheria za Kenya, Sura ya 405, hulinda watu wengine waliojeruhiwa au kufa kwa sababu ya gari lako. Gari lako likiteketea, haikulipi chochote. Ipo ya thadi pati pamoja na moto na wizi, na ipo ya komprehensivu, na zote mbili hulipia moto. Lakini gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi, likakutwa likibeba abiria wa kulipa kupitia programu ya teksi, huipa kampuni sababu ya kukataa. Moto uliowashwa katika ghasia nao huhitaji kinga ya ziada ya machafuko ya kisiasa na ugaidi. Baada ya maandamano ya Juni 25, 2024, jambo hilo si la kufikirika kwa anayeegesha gari katikati ya jiji.

Hati nyingi husema pia kwamba hazilipii uchakavu wala hitilafu ya kimitambo au ya umeme, na wenye magari wakisoma hapo hukata tamaa mapema mno. Maana ya kawaida ya sharti hilo ni kwamba kifaa kilichoharibika chenyewe hakilipiwi, kwa mfano alteneta iliyopiga shoti, lakini uharibifu uliofanywa na moto uliotokana nacho hulipwa. Ukipewa jibu la kukataliwa kwa sababu ya hitilafu ya umeme, omba waonyeshe maneno kamili ya hati. Gari likiwa limeteketea kabisa, utalipwa thamani yake sokoni siku ya ajali au kiasi ulichokatia bima, kile kilicho kidogo, kisha ekses, sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe, itolewe. Ikiwa gari lilinunuliwa kwa mkopo na kitabu cha umiliki kina jina la benki pia, benki hulipwa deni lake kwanza, nawe hupokea kilichobaki.

Waranti ya gari jipya hutajwa kwa miaka na kilomita, kwa mfano miaka 3 au kilomita 100,000, kutegemea kipi kitatangulia. Mambo mawili huivunja mara kwa mara: sevisi zisizo na kumbukumbu, na waya zilizoongezwa nje. Fundi wa waya wa Kirinyaga Road anaweza kukufungia redio au king'ora kwa bei nafuu, lakini akiunganisha waya moja kwa moja na betri bila fyuzi, muuzaji atauonyesha waya huo kwanza. Hapa kuna jambo linaloniudhi kwa niaba ya wateja: kampuni za bima zenyewe mara nyingi hudai gari lifungwe traka, kifaa cha kufuatilia lilipo, na traka hiyo huungwa kwenye waya za gari. Tunza cheti cha aliyeifunga, na kabla hajaifunga muulize muuzaji kwa maandishi kama anakubali.

Magari mengi ya Nairobi yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na hayana waranti ya kiwanda hapa. Hata hivyo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, na Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012 hukupa msingi wa kumdai aliyekuuzia kitu kisichofaa. Angalia pia kama mtengenezaji ametangaza kasoro inayojulikana. Mwaka 2017 Ford iliita magari 4,556 ya Kuga nchini Afrika Kusini kwa sababu injini zilipata joto kupita kiasi, zikapasuka na kuvujisha mafuta. Tangazo la namna hiyo ni ushahidi mzito kuliko maneno yako. Nambari ya chesisi ya gari la soko la Japani ni fupi kuliko ile ya herufi na tarakimu 17, kwa hiyo itafute katika tovuti ya mtengenezaji ya Japani.

Bima ikishakulipa, hupata haki ya kumdai mwenye kosa kwa nafasi yako. Kwa hiyo usitie saini kwa muuzaji karatasi inayosema humdai tena, hata akikupa pesa kidogo za usafiri, kabla ya kuiuliza kampuni ya bima. Saini hiyo inaweza kuwa sababu ya kukunyima fidia. Kinachobaki kwako ni kile ambacho bima haikulipa, kama ekses, nauli za miezi ya kungoja, na vitu vilivyoungulia ndani. Hasara hizo unaweza kumdai muuzaji, ukiwa umeijulisha bima.

Kila anayekataa, mtake akatae kwa barua yenye sababu. Barua ya bima ipeleke pamoja na hati na ripoti zako kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, iliyoko Upper Hill. Dai dhidi ya muuzaji lisilozidi shilingi 1,000,000 husikilizwa na Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujiwakilisha bila wakili. Muda wa kushtaki kwa msingi wa mkataba ni miaka 6, na kwa uzembe ni miaka 3, na huhesabiwa hata wakati ambapo bado mnaandikiana barua.